Intakula kwenye malori ya zamani: pima kwanza, nunua baadaye

Lori lenye umri wa miaka 15 au 20 linapoanza kutoa moshi mweusi na kushindwa kupanda mlima, wamiliki wengi katika njia za Mombasa hadi Kampala na Dar es Salaam hadi Tunduma huanza kwa kufungua pampu ya dizeli na nozeli. Wengine hununua tabo nyingine. Fedha zikishatumika na lori bado halina nguvu, ndipo fundi hukumbuka kuangalia kifaa kilichokaa mbele ya rejeta: kipoozea hewa, ambacho gereji nyingi hukiita intakula.

Kuchelewa huko hugharimu kuliko bei ya kifaa chenyewe. Intakula iliyotoboka au kuziba haisimamishi lori siku hiyo hiyo. Lori huendelea kutembea, likila dizeli zaidi na kuichosha injini kwa joto, safari baada ya safari. Kwa msafirishaji mwenye lori moja au mawili, ambaye injini ndiyo mtaji wake mkubwa, hasara hiyo yaweza kumtoa kabisa barabarani.

Makala haya yanaeleza namna ya kutambua intakula mbovu, kuipima, kuchagua nyingine na kuifunga, pamoja na mambo ya kuangalia inaponunuliwa upande wa pili wa mpaka.

Kazi ya intakula

Tabo hutumia nguvu ya moshi unaotoka kwenye injini kusukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Hewa inapogandamizwa hupata joto. Kwenye lori lenye mzigo, hewa inayotoka kwenye tabo huweza kufika nyuzijoto 150 hadi 200 za Selsiasi. Hewa ya moto hutanuka, kwa hiyo silinda hupata oksijeni kidogo kuliko inayohitaji.

Intakula huipooza hewa hiyo kabla haijaingia kwenye injini. Hewa hupita ndani ya mirija ya alumini, na upepo wa nje hupita katikati ya mapezi membamba yaliyo kati ya mirija hiyo. Hewa yenye nyuzijoto 180 ikipoozwa hadi 50 kwa presha ileile, kiasi cha hewa kinachoingia katika nafasi ileile huongezeka kwa takribani asilimia 40.

Injini ya aina hii hupewa dizeli kwa kuhesabu hewa iliyopoozwa. Hewa ikipungua, sehemu ya dizeli haiungui vizuri na hutoka kama moshi mweusi, huku joto la moshi likipanda. Joto hilo likidumu hupasua manifoldi, huunguza valvu na linaweza kuyeyusha vichwa vya pistoni. Tabo nayo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia hewa inayovuja, na maisha yake hufupika.

Kwa nini njia za Afrika Mashariki ni ngumu

Mambo manne hukutana katika njia za ukanda huu na kuitesa intakula.

La kwanza ni mwinuko. Lori linaloanza safari usawa wa bahari Mombasa hufika zaidi ya mita 2,600 eneo la Timboroa kabla ya kushuka kuelekea Eldoret na Malaba. Katika mwinuko huo hewa ni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na pwani. Tabo huwa inafanya kazi karibu na mwisho wa uwezo wake, kwa hiyo uvujaji mdogo ambao dereva hakuuona Voi huonekana wazi baada ya Nakuru. Upande wa Tanzania, madereva hukutana na hali kama hiyo kwenye mlima Kitonga mkoani Iringa na mlima Sekenke mkoani Singida.

La pili ni uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 inaruhusu uzito wa jumla usiozidi tani 56. Lori linalopanda polepole likiwa na uzito mkubwa hudai presha ya juu ya tabo, wakati upepo unaopita mbele yake ni mdogo. Intakula huhitajika zaidi pale ambapo msaada wa upepo ni mchache.

La tatu ni vumbi na uchafu. Vumbi, wadudu na majani hujaa kwenye mapezi. Kukiwa na mafuta kidogo yaliyovuja, uchafu huo hushika kama lami na hautoki kwa kupulizwa. Kwa malori yanayolala karibu na bahari, chumvi ya hewani hula mapezi ya alumini taratibu.

La nne ni mtikisiko. Matuta na mashimo huchosha mipira inayoshikilia intakula. Mipira hiyo ikiisha, intakula hugonga au kusugua rejeta, na nyufa huanza pale mirija inapoungana na sahani ya pembeni. Sehemu hiyo ndiyo dhaifu zaidi, kwa sababu hupata joto na kupoa kila dereva anapokanyaga na kuachia mafuta.

Dalili za kuangalia

Dalili za intakula inayovuja hufanana na za pampu au tabo mbovu, na ndiyo maana mafundi hupotea. Zinazojitokeza zaidi ni hizi:

- Lori hukosa nguvu mlimani lakini huenda vizuri bila mzigo.
- Moshi mweusi hutoka injini inapolemewa.
- Mluzi au sauti ya hewa husikika tabo inapojaa.
- Dizeli huongezeka bila mabadiliko ya mzigo au njia.
- Alama za mafuta au masizi huonekana kwenye maungio ya mipira au pembeni mwa matanki.
- Kwenye injini zinazoendeshwa kwa kompyuta, taa ya hitilafu huwaka ikionyesha presha ndogo ya hewa, au kompyuta yenyewe hupunguza nguvu ili kuilinda injini.

Intakula iliyoziba kwa nje huwa na dalili nyingine. Injini huchemka ingawa rejeta, maji na feni viko sawa. Sababu ni kwamba kwenye malori mengi intakula imekaa mbele ya rejeta, na upepo usiopita kwenye intakula haufiki kwenye rejeta. Wamiliki wengi wamebadilisha rejeta nzima wakati kilichohitajika ni kuitenganisha na intakula na kuosha uchafu uliokwama katikati.

Mafuta ndani ya intakula hayana maana kwamba intakula ni mbovu. Unyevu mdogo wa mafuta ni kawaida kwa injini nyingi. Mafuta yakiwa mengi kiasi cha kumwagika, chanzo huwa ni tabo iliyoisha au mfumo wa kupumua wa injini ulioziba, na hicho ndicho cha kutengenezwa kwanza. Mafuta mengi yaliyokusanyika ni hatari, kwa kuwa yakivutwa kwa ghafla injini inaweza kuyachoma kama dizeli na kupanda mizunguko bila dereva kuweza kuizuia kwa ufunguo.

Vipimo vitatu kabla ya kutoa fedha

Kipimo cha presha. Hiki ndicho muhimu zaidi, na gereji yenye kompresa inaweza kukifanya. Mipira miwili hutolewa, mdomo mmoja huzibwa kwa kifuniko imara na mwingine hufungwa kifuniko chenye geji na valvu. Hewa hujazwa polepole hadi paundi 30 kwa inchi ya mraba, sawa na takribani baa 2, kisha valvu hufungwa na fundi huangalia saa. Miongozo mingi ya injini za Kimarekani hutaka presha isishuke kwa zaidi ya paundi 5 ndani ya sekunde 15. Baadhi huruhusu hadi 7. Kwa lori la Ulaya, kiwango cha kufuata ni kile cha mwongozo wa injini husika.

Vifuniko hivyo lazima vifungwe kwa mnyororo au waya imara, na mtu asisimame mbele yake. Kifuniko kinachochomoka kwa presha hiyo kinaweza kuua.

Kipimo hiki kina faida nyingine. Fundi anayezamisha intakula kwenye pipa la maji na kuona mapovu machache huweza kusema imekufa, kumbe bado iko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Maji ya sabuni na pipa ni vya kutafuta mahali panapovuja. Kinachoamua kama ibadilishwe au la ni kasi ya kushuka kwa presha kwenye geji.

Kipimo cha joto. Lori likiwa na mzigo na linapanda kwa nguvu zote kwa dakika kadhaa, joto la hewa inayoingia kwenye manifoldi hulinganishwa na joto la hewa ya nje. Kwenye injini za kompyuta namba hiyo husomwa kwa mashine ya uchunguzi. Kwenye injini za zamani hufungwa kipimajoto chenye waya. Tofauti ikizidi takribani nyuzijoto 28, intakula haipoozi inavyotakiwa. Mara nyingi dawa ni kuosha, si kununua nyingine.

Kipimo cha kizuizi. Presha hupimwa kabla na baada ya intakula, injini ikiwa imelemewa. Tofauti ikipita takribani kilopaskali 14 hadi 20, kutegemea injini, kuna kitu ndani kinachozuia hewa: mafuta yaliyoganda, masizi, vipande vya chuma vya tabo iliyovunjika, au hata kitambaa kilichosahauliwa na fundi wa awali.

Vipimo hivi vyote huchukua saa chache. Vikionyesha kwamba intakula ni nzima, mwenye lori ameokoa bei ya kifaa na anaweza kuelekea kwenye mipira, tabo, filita ya hewa au nozeli. Mipira na klampu hukaguliwa mwanzo kabisa, kwa sababu uvujaji mwingi uko huko na tiba yake ni rahisi.

Kukarabati au kubadilisha

Intakula yenye ufa kwenye tanki la alumini inaweza kuchomelewa kwa gesi ya agoni na fundi anayejua alumini. Ikidumu, hiyo ni akiba nzuri. Hali ni tofauti pale ufa ulipo kwenye maungio ya mirija na sahani. Joto la kuchomelea hudhoofisha maungio ya jirani, na baada ya safari chache ufa mpya hutokea pembeni mwa ule wa kwanza. Kwa intakula ya miaka mingi, kuchomelea eneo hilo ni kununua muda wa kufika nyumbani.

Gundi ya chuma haifai kwenye upande wa moto unaotoka kwenye tabo. Kuziba mirija miwili au mitatu iliyotoboka kunawezekana kwa dharura, ila eneo la kupoozea hupungua na hewa hubanwa zaidi.

Njia ambayo haipaswi kutumika hata kwa dharura ya safari ndefu ni kuiruka intakula, yaani kuunganisha bomba la tabo moja kwa moja na manifoldi. Lori litawaka na kutembea, lakini hewa yenye nyuzijoto 150 au zaidi itaingia kwenye injini iliyopangiwa hewa ya nyuzijoto 50. Dereva asiye na chaguo aende bila kulemea injini hadi gereji ya karibu, na asipande mlima na mzigo.

Tabo ikivunjika na vipande vya chuma vikaingia kwenye intakula, ushauri wa watengenezaji wengi ni kubadilisha intakula pia. Ndani ya mirija mingi kuna mapezi madogo yanayoshika chembe, na kuosha hakuzitoi zote. Chembe hizo zikichomoka baadaye huingia moja kwa moja kwenye silinda. Mwenye lori anayefunga tabo mpya kwenye intakula iliyobeba vipande vya tabo ya zamani anaiweka injini kwenye hatari iliyokwisha kujulikana.

Kuchagua: namba kwanza, sura baadaye

Kosa linalorudiwa sana katika maduka ya vipuri ni kununua kwa kuangalia. Scania 124 mbili zilizosimama pamoja zaweza kuwa na injini za nguvu tofauti, kwa mfano farasi 360 na 420. Volvo FH12, iliyoanza kuuzwa mwaka 1993, ilitoka na injini za nguvu mbalimbali kwa miaka zaidi ya kumi. Intakula zinaweza kufanana kwa sura na kutofautiana kwa unene, mdomo au mahali pa kufungia.

Kabla ya kupiga simu dukani, mwenye lori awe na orodha hii:

1. Namba ya chasi yote, si tarakimu za mwisho pekee.
2. Aina ya injini na nguvu zake kama zilivyo kwenye kibati cha injini, kwa sababu malori mengi ya zamani yamekwisha kubadilishwa injini.
3. Namba ya kipuri iliyoandikwa kwenye intakula ya zamani, kama bado inasomeka.
4. Urefu, upana na unene wa sehemu ya mapezi, bila kujumuisha matanki, kwa milimita.
5. Kipenyo cha nje cha midomo miwili, upande iliko na pembe yake.
6. Mahali pa kufungia rejeta, feni, na kondensa ya kiyoyozi kama ipo.
7. Picha za mbele, nyuma na pembeni zikiwa na futi ya kupimia ndani ya picha.

Unene hustahili uangalifu. Intakula nyembamba kuliko ya awali inaweza kuingia bila shida na bado ikashindwa kupooza. Nene kupita kiasi nayo huzuia upepo kufika kwenye rejeta.

Kuhusu ujenzi, kuna aina mbili kubwa. Malori mengi ya Ulaya hutumia matanki ya plastiki ngumu yaliyobanwa juu ya alumini pamoja na gasketi. Ni mepesi na hufanya kazi vizuri, ila baada ya miaka mingi plastiki hukauka na gasketi huanza kuvuja, na tanki lililopasuka ni vigumu kutengenezwa njiani. Malori mengi ya Kimarekani, kama Freightliner na International, yalitumia matanki ya alumini yaliyochomelewa. Baadhi ya watengenezaji wa vipuri mbadala sasa hutoa matanki ya alumini kwa malori ya Ulaya pia. Kwa njia mbovu hilo ni jambo la kuzingatia, mradi vipimo vilingane na uchomeleaji uwe safi na wa mfululizo.

Sehemu ya kati nayo hutofautiana. Ile ya mirija na mapezi ni nyepesi na hupitisha upepo vizuri. Ile ya sahani na vyuma vya kutenganisha ni nzito na huvumilia mawe na presha zaidi, lakini uzito wake hudai mipira na mabano imara.

Mpya halisi, mbadala au ya mtumba

Intakula halisi ya mtengenezaji wa lori huja na uhakika wa vipimo na kwa kawaida ndiyo ya bei ya juu. Kwa lori linalobakiza miaka miwili ya kazi, bei hiyo inaweza isirudi.

Mbadala mpya ni chaguo la wengi. Hapa tofauti ya ubora ni kubwa. Mnunuzi aulize kama intakula ilipimwa presha kiwandani, dhamana ni ya miezi mingapi, na nani atakayelipa gharama ikivuja baada ya kuvuka mpaka. Muuzaji anayekubali intakula ipimwe kwa presha mbele ya mnunuzi anastahili kusikilizwa. Asiyekubali amekwisha kujibu.

Mitumba kutoka magari yaliyokatwa hupatikana Kirinyaga Road jijini Nairobi, soko la Kisekka mjini Kampala na Gerezani jijini Dar es Salaam, na sehemu ya bidhaa hizo hupitia Sharjah katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Intakula ya mtumba inaweza kuwa nzuri, lakini historia yake haijulikani. Huenda ilitoka kwenye lori lililovunjika tabo. Masharti ya kununua yawe mawili: ipimwe presha kabla ya malipo, na ioshwe ndani kabla ya kufungwa. Ikitoka na chembe za chuma wakati wa kuoshwa, irudishwe.

Kununua upande wa pili wa mpaka

Bei za vipuri hutofautiana kati ya miji ya ukanda huu, na wasafirishaji hununua pale lori linapopita. Kuna mambo matatu ya kukumbuka.

Mosi, cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa bidhaa zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zinazotambuliwa kuwa zimezalishwa ndani ya Jumuiya. Intakula iliyotengenezwa Ulaya au China haipati hadhi hiyo kwa sababu tu imenunuliwa Kampala au Nairobi.

Pili, kipuri kilichobebwa ndani ya kichwa cha lori ni bidhaa kama nyingine na hutakiwa kutajwa forodhani. Dereva awe na ankara yenye jina la muuzaji, maelezo ya kifaa na bei. Intakula mpya isiyo na karatasi inaweza kulishikilia lori lote na mzigo wa mteja, na gharama ya kusimama kwa siku mbili hula nafuu yote ya bei.

Tatu, anayeagiza nje ya Afrika kwa wingi aulize wakala wake wa forodha, kabla ya kulipa, ushuru unaohusika na kama bidhaa inahitaji cheti cha ukaguzi wa ubora kabla ya kusafirishwa. Kenya na Tanzania zina utaratibu huo chini ya mashirika yao ya viwango, KEBS na TBS.

Kufunga na kuosha

Intakula nzuri ikifungwa vibaya huharibika mapema. Fundi azingatie haya:

- Mipira ya kushikilia intakula ibadilishwe yote, hata kama mmoja tu umeisha.
- Mabomba ya hewa pande zote mbili yaoshwe ndani. Mafuta na masizi ya zamani yasihamishiwe kwenye kifaa kipya.
- Mpira unaotoka kwenye tabo uwe wa silikoni wa kuhimili joto. Mpira wa maji ya rejeta haufai hata kama kipenyo kinalingana.
- Klampu ziwe za bolti, ikiwezekana zenye springi, na zikazwe kwa kipimo cha mwongozo. Klampu nyembamba za kukaza kwa bisibisi huachia mpira tabo inapojaa.
- Sponji na plastiki zinazoelekeza upepo kati ya intakula na rejeta zirudishwe. Bila hizo upepo hupita pembeni.
- Baada ya kufunga, lori lijaribiwe likiwa na mzigo, kisha klampu zikaguliwe tena baada ya safari ya kwanza.

Kwa kuosha nje, maji ya presha ndogo hupigwa kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Mashine ya presha kubwa ikisogezwa karibu hulaza mapezi. Ndani huoshwa kwa dawa ya kuondoa mafuta isiyodhuru alumini, kisha hukaushwa kabisa kwa hewa, kwa kuwa kimiminika chochote kinachobaki kitavutwa na injini. Petroli isitumike. Magadi makali ambayo mafundi wa rejeta hutumia kwenye shaba nayo yasitumike, kwani hula alumini na kuitoboa.

Hesabu ya mwenye lori

Mfano ufuatao ni wa kukadiria, na kila msafirishaji anaweza kuweka namba zake. Mombasa hadi Kampala ni takribani kilomita 1,170, hivyo kwenda na kurudi ni 2,340. Lori linalotumia wastani wa lita 50 kwa kilomita 100 hutumia lita 1,170 kwa safari hiyo. Uvujaji wa hewa ukiongeza matumizi kwa asilimia 4 tu, zinapotea takribani lita 47 kila safari. Kwa safari mbili kwa mwezi, mwaka mmoja hupoteza zaidi ya lita 1,100, karibu sawa na dizeli ya safari nzima ya kwenda na kurudi.

Zidisha lita hizo kwa bei ya dizeli ya leo, kisha linganisha na bei ya intakula dukani. Hapo bado hazijahesabiwa tabo iliyokufa mapema, manifoldi iliyopasuka, wala siku ambazo lori lilisimama mlimani huku mteja akisubiri.

Kwa sababu hiyo, wasafirishaji wenye malori ya zamani wanafaidika kwa kuweka kipimo cha presha katika ratiba ya matengenezo, angalau mara moja kwa mwaka na kila tabo inapobadilishwa. Vifuniko viwili, geji na valvu hutengenezwa katika karakana yoyote ya chuma na hudumu miaka mingi. Wamiliki wadogo wanaweza kuchangia seti moja na kuitumia kwa zamu.